Baada ya Maombi, Keti: Maisha ya C.S. Lewis na Mkewe Joy



Jumapili iliyopita, nikimalizia somo letu la kubebeana mizigo kutoka Wagalatia 6, nilimtaja C.S. Lewis kwa dakika mbili hivi, kisha muda ukaisha. Baada ya ibada watu kadhaa walinishika mkono pale mlangoni wakitaka hadithi yote. Nimeiandika hapa. Lakini kwanza niwaambie ni kwa nini mtu huyu amekaa moyoni mwangu mwaka huu mzima.

Wengi wenu mnajua mke wangu alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka jana. Mliomba, mlichanga, mlikuja. Asanteni. Kile hamkujua ni vile mimi nilikuwa. Nilisomea biashara, na nikafanya kile watu wa biashara hufanya: nikapanga. Nilikuwa na daftari. Makaratasi ya SHA, bili ya kila siku, nani analeta uji, nani anachukua watoto shuleni, grupu ya WhatsApp ya maombi. Kila shilingi ilikuwa na mahali pake. Siku ya nne baada ya upasuaji muuguzi akaniuliza mke wangu anapendelea kulalia upande gani, ili wamgeuze bila kukiumiza kidonda. Sikujua. Mama mkwe ndiye alijua. Mimi nilikuwa nafika, nasimama pale miguuni pa kitanda dakika kumi, naomba kwa sauti ya kusikika wodi nzima, naangalia saa, naenda kulipa. Nilikuwa meneja wa ugonjwa wa mke wangu.

Basi nikiwa katika hali hiyo ndipo nikasoma maisha ya Lewis tena. Nilikuwa nimeyasoma chuoni, lakini safari hii yalinikamata shati.

Watoto wenu wanamjua kwa vitabu vya Narnia, vile vya simba Aslan na kabati la nguo, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Wengine wenu mmesoma vitabu vyake vya kutetea imani. Jina lake kamili ni Clive Staples Lewis, lakini rafiki zake walimwita Jack. Hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana, alivuta kiko na kunywa bia, kwa hivyo msinitafute mlangoni kwa sababu hiyo. Leo ninataka tumwangalie kama mume.

Alizaliwa Belfast, huko Ayalandi, tarehe 29 Novemba 1898. Baba yake, Albert, alikuwa wakili. Mama yake, Flora, alikuwa msomi wa hesabu. Mwaka 1908 mama akapatikana na saratani, na mwezi wa Februari akafanyiwa upasuaji nyumbani kwao, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Alipata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi. Jack mdogo, miaka tisa, aliomba Mungu amponye mama. Mama akafa mwezi wa Agosti. Baba alizama katika majonzi yake mwenyewe, hakuweza kuwashika watoto, na wiki chache baadaye Jack alipelekwa shule ya bweni Uingereza pamoja na kaka yake Warren. Ombi lile la mtoto ambalo halikujibiwa alivyotaka lilibaki ndani yake. Alipofika ujana alikuwa ameacha imani kabisa.

Halafu vita. Aprili 1918, huko Ufaransa, Lewis alijeruhiwa na kombora la mizinga ya jeshi lao wenyewe lililoanguka mahali pasipofaa. Vipande vya chuma viliingia mwilini. Akarudishwa Uingereza, akalazwa hospitali London. Hapa ningependa usome polepole. Kijana wa miaka 19, amelala kitandani, anamwandikia baba yake barua akimsihi aje. Kutoka Belfast hadi London ilikuwa safari ya meli na treni, safari ya kuwezekana. Baba hakuja. Lewis akahamishiwa mahali pengine pa kupata nafuu, na bado baba hakuja. Albert hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe, na alilipa karo yake miaka mingi. Lakini hakuja.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mimi pia nilikuwa nikilipa.

Aliyekuja kumwona ni Bi Moore, mama wa rafiki yake wa jeshini aliyeuawa katika vita hiyo. Lewis alimchukua mama huyo na kumtunza kwa zaidi ya miaka 30, hata alipozeeka na kuwa mgumu wa kuishi naye. Alipopelekwa nyumba ya wazee mwaka 1950, Lewis alikuwa akienda kumwona kila siku mpaka alipofariki Januari 1951. Nadhani huko ndiko Mungu alikuwa akimfundisha shule ya kando ya kitanda, kabla hajajua ataitumia wapi. Katikati ya miaka hiyo alikuwa amerudi kwa Kristo, mwaka 1931, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford.

Sasa tuje kwa Joy. Joy Davidman alizaliwa New York mwaka 1915, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mshairi, akawa mkomunisti asiyeamini Mungu, kisha akaokoka. Vitabu vya Lewis vilikuwa vimemsaidia katika safari hiyo, na mwaka 1950 akaanza kumwandikia barua. Ndoa yake Marekani ilikuwa imeharibika. Mume alikuwa mlevi na mwenye wanawake wengine, na mwaka 1954 wakaachana. Joy alikuwa ameshahamia Uingereza na watoto wake wawili wa kiume. Mwaka 1956 serikali ya Uingereza ilipokataa kumwongezea kibali cha kukaa, Lewis akamwoa ofisini kwa msajili, tarehe 23 Aprili, ili tu apate haki ya kubaki. Waliendelea kuishi nyumba tofauti. Kwa Lewis ilikuwa karatasi ya kumsaidia rafiki. Alikuwa na miaka 57, hajawahi kuoa.

Oktoba mwaka huo huo, Joy alikuwa nyumbani, simu ikalia, akainuka kwenda kuishika. Mguu ukavunjika hivyo tu, akaanguka. Hospitali ya mifupa ya Wingfield-Morris pale Oxford walipopiga eksirei waliona mfupa wa paja umeliwa na saratani. Ilikuwa imeanzia kwenye titi na kusambaa. Mwezi wa Novemba alifanyiwa upasuaji mara tatu: wa mguu, wa titi na wa kutoa ovari. Kisha yakaja matibabu ya mionzi katika Hospitali ya Churchill. Alikaa hospitali tangu Oktoba hadi mwanzo wa Aprili, karibu miezi sita.

Fikiria hali ya Lewis. Wakati huo alikuwa ameshahamia Cambridge kama profesa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Oxford. Ni kama kufanya kazi Nairobi na mgonjwa wako yuko mbele ya Naivasha. Katikati ya wiki alifundisha, wikendi alirudi kwa treni na kuelekea hospitali. Nyumbani kwake, nyumba iitwayo The Kilns, sasa kulikuwa na watoto wawili wa Joy, mmoja wa miaka 12, mwingine anaelekea 11. Walikuwa karibu na umri wa Jack na kaka yake wakati mama yao alipokuwa akifa Belfast. Na kaka yake Warren, aliyeishi naye, alikuwa akisumbuliwa na pombe. Kwa hivyo usifikiri huyu alikuwa profesa mwenye nafasi tele na wasaidizi kila upande.

Kando ya kile kitanda, jambo likatokea. Akampenda. Yule mwanamke aliyemwoa kwa ajili ya kibali akawa mke moyoni mwake, wakati mwili umekatwa mara tatu, na madaktari hawana matumaini. Wengi wetu tuliapa madhabahuni, tukiwa tumevaa suti, kupendana katika afya na ugonjwa. Lewis alianzia kwenye ugonjwa.

Tarehe 24 Desemba 1956 akatangaza ndoa yao gazetini, dunia nzima ijue. Alitaka pia ifungwe kanisani, lakini askofu wa Oxford alikataa kwa sababu Joy alikuwa ameachwa na mumewe wa kwanza alikuwa bado hai. Mjadala huo wa talaka hatutaufungua leo. Machi 1957, hali ikiwa mbaya zaidi, Lewis akamwita padre mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, Peter Bide, aje amwombee Joy na kumwekea mikono. Padre huyu alijulikana kwamba aliwahi kumwombea mtoto mgonjwa mahututi, na mtoto akapona. Alipofika, Lewis akamwomba pia awafungishe ndoa. Bide aliomba, akafikiri, akakubali. Tarehe 21 Machi 1957, ndani ya wodi, Joy akiwa amelala, wakafunga ndoa ya kanisa, wakashiriki meza ya Bwana, na Bide akamwekea mikono.

Sasa hapa sisi Wapentekoste ndipo huwa tunafunga hadithi. Mikono imewekwa, ushuhuda umepatikana, tunaimba, tunaenda nyumbani. Lakini tazama kilichofuata.

Mwezi wa Aprili hospitali ikamruhusu kwenda nyumbani kwa Lewis, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kumfanyia. Alirudishwa akafie nyumbani. Hakuweza kusimama. Kitanda chake kiliwekwa chini, katika chumba cha pamoja, wauguzi wakaja kusaidia, na Lewis akaishi katikati ya vyombo vya hospitali. Walisoma pamoja. Walicheza mchezo wa kupanga herufi kuwa maneno, na wakakubaliana kutumia lugha yoyote wanayojua, na wote wawili walijua nyingi. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma: kukaa, kucheza, kusoma, kungoja.

Na maumivu yakaanza kupungua. Mfupa ukaanza kujijenga. Kufikia mwisho wa 1957 Joy alikuwa anatembea kwa fimbo, akichechemea. Madaktari hawakuwa wametarajia hivyo. Lewis mwenyewe, alipoandika makala juu ya maombi mwaka 1959, alisimulia habari hii na kumshukuru Mungu, lakini hakudai kwamba ameshinda kesi mbele ya wanasayansi. Alishuhudia alichokiona, akakiacha hapo. Ningependa sisi pia tujifunze kushuhudia hivyo.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalisemi sana. Kiangazi cha 1957, mke anapoanza kupata nguvu, mume akaanguka. Lewis alipatwa na maumivu makali ya mgongo, na vipimo vikaonyesha mifupa yake inapoteza madini. Akavishwa mkanda maalum wa kushikilia kiuno. Alikuwa ameomba aruhusiwe kubeba sehemu ya maumivu ya Joy, na aliona ajabu kwamba mifupa ya mkewe ilikuwa ikijaa wakati yake inapungua. Mimi siweki fundisho juu ya hapo. Lakini najua hili: anayeuguza naye huugua. Nimewaona hapa kanisani, akina mama waliolala kwenye viti vya plastiki wiki tatu, halafu presha yao ikapanda mgonjwa aliporudi nyumbani. Hakuna aliyewauliza wamekula nini.

Baada ya hapo walipata miaka zaidi ya miwili mizuri. Joy alikarabati nyumba ile ya wanaume wawili wazee iliyokuwa imechakaa: paa, nyaya za umeme, rangi, mapazia. Julai 1958 wakaenda Ayalandi. Walipanda ndege kwa sababu waliogopa meli ikiyumba ghafla mfupa ungevunjika tena. Ona hapo: zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali, bado mume anapima safari kwa mfupa wa mkewe.

Oktoba 1959, wakati wa kipimo cha kawaida, saratani ikaonekana imerudi. Joy alikuwa ametamani maisha yote kuiona Ugiriki. Aprili 1960 wakaenda, yeye na mumewe na marafiki wawili, na Joy, kwa maumivu na fimbo yake, akapanda mpaka juu ya mlima wa magofu ya Athens. Mwezi wa Mei akafanyiwa upasuaji mwingine, wa kuondoa titi. Akarudi nyumbani. Usiku wa tarehe 13 Julai 1960 akafa hospitalini Oxford, akiwa na miaka 45. Lewis alikuwa pale. Kabla ya kufa Joy alimweleza kasisi kwamba ana amani na Mungu.

Kisha Lewis akavunjika. Aliandika kitabu kidogo cha maombolezo, kikatoka mwaka 1961 bila jina lake la kweli, na humo hakumficha Mungu hasira yake wala maswali yake. Wengine wakisoma hufikiri alikuwa anapoteza imani tena kama alipokuwa mtoto. Hapana. Safari hii alilia akiwa ndani ya nyumba ya Baba, mpaka akatulia. Akaendelea kuwalea wale wavulana wawili. Mmoja alipotaka kufuata dini ya Kiyahudi ya ukoo wa mama yake, Lewis alihangaika kumtafutia chakula kinachokubalika kwa sheria yao. Alikufa tarehe 22 Novemba 1963, siku ile ile aliyouawa Rais Kennedy wa Marekani, kwa hivyo magazeti hayakuwa na nafasi yake.

Wapendwa, nimechukua mambo matatu hapo.

Kwanza, kulipa bili si sawa na kuwapo. Albert Lewis alilipa, na mwanawe alikumbuka kitanda kisicho na mgeni. Baba, ukienda wodini, vuta kiti. Jua mgonjwa wako analalia upande gani, anaogopa dawa ipi, usiku anashtuka saa ngapi. Na kama kazi iko mbali, fanya kama profesa yule: wikendi ni ya hospitali.

Pili, maombi yakikwisha, baki. Mungu alijibu kwa Joy, na bado kulikuwa na miezi ya kitanda, fimbo, kliniki na hofu ya kila kipimo. Na mwishowe alikufa. Tusimwache mgonjwa peke yake kwa sababu tumeshatangaza uponyaji. Tena tusimfanye aone aibu kusema bado kunauma, eti ataharibu ushuhuda. Wale wanne wa Marko 2 hawakumwombea yule mwenye kupooza wakiwa mbali. Walimbeba mpaka darini.

Tatu, kupona ni safari ndefu kuliko siku ya kuruhusiwa. Hili nalisemea kanisa. Kwangu, wiki ya kwanza tuliporudi nyumbani viti havikutosha. Wiki ya tano chai ilikuwa ya watu wawili. Na wiki ya tano ndiyo mke wangu alikuwa hawezi kuinua sufuria, pesa zimeisha, na moyo umechoka. Nimeomba viongozi wa ushirika wa nyumbani kwamba tukipanga kumtembelea mtu, tupange pia mwezi wa pili na wa tatu, na tumkumbuke yule anayemuuguza.

Kuhusu mimi, siku moja mke wangu aliniambia, bila hasira, kwamba zile siku za wodini alikuwa akingoja niketi. Basi. Hakuitaka ile hotuba ya maombi, wala daftari, ingawa alishukuru. Alikuwa anangoja niketi. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, na ninaandika haya kwa ruhusa yake.

Jumanne anarudi kliniki. Daftari litabaki nyumbani, na mimi nitakuwa kwenye benchi kando yake mpaka aitwe.

Mungu awabariki.

Masomo ya wiki: Wagalatia 6:1-5, Marko 2:1-12.
Swali la ushirika wa nyumbani: Ni nani kati yetu aliyetoka hospitali zaidi ya mwezi mmoja uliopita, na ni lini mara ya mwisho mtu alienda kukaa naye?